Karani na Mfuniko wa Debe

Siku niliyoletwa kwenye shamba la mama mkwe wangu, aliyenikagua kwa makini alikuwa farasi. Mama mkwe mwenyewe alinipa mkono, akauminya kidogo, akasema karibu, kisha akageuka kuzungumza na mwanawe habari za paa la banda lililokuwa likivuja. Yule farasi alitoka kivulini kwa hatua za mtu aliyekabidhiwa ofisi, akaninusa kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akang'oa kifungo cha mkono wa gauni langu, akakitafuna mara mbili na kukitema miguuni pangu. Gauni lile nilikuwa nimelishona mwenyewe kwa wiki mbili. Mimi ni fundi cherehani, na kifungo changu si kitu cha kutemwa.

Ni farasi wa ile jamii ya wafupi. Mgongo wake unanifika kifuani, na mimi mwenyewe si mrefu. Ana rangi ya majivu, tumbo la mtu asiyekosa chakula, na nywele za utosini zinazomwangukia machoni hata hujui kama anakutazama au anakupuuza. Wateja wa maziwa ndio waliomwita Karani, kwa sababu kila mlango alioufikia aliinamisha kichwa akaangalia nani katoka, kabeba chombo gani, kana kwamba jioni kuna mtu atamtaka taarifa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba pale nyumbani kulikuwa na wawili wasionipenda. Wa kwanza alikuwa Karani, na hakuficha. Wa pili alikuwa mama mkwe, ambaye tangu siku ile ya kwanza hakuwahi kunitazama usoni. Nikisema naye, yeye hutazama bega langu, au sikio, au mlango ulio nyuma yangu. Nilimlalamikia mume wangu, akanijibu kwamba mama yake ana haya. Haya gani kwa mwanamke aliyewahi kusimama katikati ya barabara na kumwamuru dereva wa lori arudi nyuma ili mkokoteni wake upite? Nikafyata ulimi, lakini moyoni niliweka.

Kisha aliniita bi harusi. Mwaka wa kwanza nilifurahi. Mwaka wa pili nikaona ananitania. Mwaka wa tatu ulipoanza bado ni bi harusi njoo, bi harusi leta maji, nikajiambia kwamba huyu mama ananihesabu mgeni hadi nitakapozeeka.

Jikoni ndiko tulikogombana vizuri. Wiki ya pili baada ya kufika nilihamisha kopo la chumvi kutoka rafu ya chini kwenda ya juu, kwa sababu mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba pale chini linapata unyevu. Asubuhi yake mama mkwe alitia sukari kwenye maharagwe. Alikuja hadi chumba cha mbele nilikokuwa na cherehani yangu, akasimama mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba katika nyumba yake kila kitu kina mahali pake, na anayetaka kupanga upya akajenge yake. Tangu siku ile sikugusa hata kijiko. Nilinuna siku nne.

Lakini ukweli nitausema hata nikiwa na hasira: sijamwona mtu anayefanya kazi kama yule mama. Alikuwa na ng'ombe watatu, bustani ya mboga, kuku, na njia ya maziwa yenye milango ishirini na sita. Mumewe alimwacha na mtoto mmoja na deni la huzuni, na badala ya kukaa kulia alinunua mkokoteni. Kabla jua halijachomoza alikuwa ameshakama wote watatu, kichwa kakiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, na povu la maziwa limefika ukingoni mwa ndoo bila tone kumwagika. Mlangoni kwa mteja alipima kwa kopo, akamimina kwenye chombo cha mtu huku ameinamisha sikio. Alinieleza siku moja, bila kunitazama, kwamba maziwa yakifika shingoni mwa chupa huimba kwa sauti nyembamba, na hapo ndipo pa kuacha. Nilijaribu. Nilimwaga nusu kopo mezani, naye akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sababu yangu.

Na Karani alikuwa mwenzake wa kazi, si mnyama wake. Alizijua nyumba zote ishirini na sita kwa mpangilio. Hakuna aliyemwongoza. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mkokoteni, hatamu zimelala mapajani, na Karani alikwenda na kusimama mahali palepale kila siku, ili kikanyagio cha mkokoteni kikabiliane na kizingiti cha mteja. Mtu akihama, Karani aliendelea kusimama mlangoni pake kwa wiki moja hivi, halafu siku moja anapita moja kwa moja, amekwisha kumfuta. Kulikuwa na mwalimu aliyewahi kumchapa kwa mwamvuli. Hadi leo Karani akifika kwake husimama vizuri, kikanyagio kinakabili kizingiti kama kawaida, kisha anageuza shingo yote upande wa pili mpaka mwalimu arudi ndani.

Asidhani mtu kwamba namsifia malaika. Alikuwa mjanja na mvivu pia. Asubuhi ya mvua alichechemea tangu bandani hadi kwenye mkokoteni kwa namna ya kukutoa machozi, na mama mkwe humwuliza tu, "Leo ni mguu gani?" kwa sababu jana ulikuwa wa kushoto. Lango la bustani ya mboga alilifungua kwa midomo, akasukuma komeo polepole kama mtu anayeiba. Mwezi mzima mama mkwe alilaani sungura waliommalizia karoti. Mimi ndiye niliyemfuma, kutoka dirisha la chumba changu cha kushonea. Alikuwa amesimama katikati ya tuta, majani ya karoti yananing'inia mdomoni. Aliponiona hakukimbia. Aliacha kutafuna, akajitia hamnazo, akatazama mbali. Nilipoinamia cherehani nikasikia anaendelea kutafuna. Baadaye alitoka na kulirudisha lango kwa paji la uso mpaka likagota. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mtu anayefunga mlango baada ya kuiba ana kitu kichwani.

Mambo yalianza kuharibika kwa sababu ya upendo, na nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Mume wangu ni mtunza ghala kwenye kiwanda cha vyombo vya plastiki. Kwa miaka alikuwa akiumia kumwona mama yake akinyanyua yale madebe mazito ya alumini, yenye viraka kila upande. Kazini kwao yakatoka madumu mapya mapana, mepesi, yenye mifuniko ya kukaza kwa kuzungusha. Akaleta manne, ameyaosha mwenyewe, ameyapanga ukumbini kwa ajili ya mama yake. Mama mkwe aliyapapasa moja baada ya jingine, akafungua na kufunga mfuniko, akasema, "Mwanangu, haya hata mtoto anabeba." Macho yake yalikuwa na maji. Madebe ya zamani yakapelekwa kwenye banda la kuku, kuwekea pumba.

Kesho yake saa tano mama mkwe alikuwa amerudi, na hajamaliza hata milango minane. Karani alikuwa amegoma. Alisimama mlango wa kwanza vizuri, maziwa yakapimwa, mama mkwe akakaza mfuniko, akapanda kitini, akasema kama alivyosema kila siku kwa miaka kumi na moja, "Twende, Karani." Karani hakwenda. Akambembeleza, akamvuta, mteja akaja kusukuma mkokoteni kwa nyuma. Wapi. Baada ya muda jirani mmoja akafunga geti la chuma, na Karani akaondoka mwenyewe kwa mwendo wake wa kawaida kama vile hakuna kilichotokea. Mlango wa pili yakawa yaleyale.

Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Maziwa yalirudi nyumbani yameanza kuganda. Wateja walioamka kungoja kikombe cha chai wakaanza kutuma watu dukani. Mama mkwe hakupandisha sauti hata mara moja kwa yule farasi. Alirudi, akamfungua matandiko, akamsugua mgongo, kisha akaja kukaa kwenye kigoda cha jikoni, mikono juu ya magoti, asifanye kitu. Sikuwa nimewahi kumwona bila kitu mkononi. Ilinitisha kuliko angepiga kelele.

Mume wangu naye akafanya alichoona ni busara. Akasema Karani amezeeka, akili imeisha. Akapata mtu mwenye tanuri la matofali ambaye angemchukua, awe anavuta udongo taratibu. Jumamosi mchana angekuja kumwona. Kisha pikipiki ya magurudumu matatu ingenunuliwa, kijana mmoja wa kuaminika angeajiriwa kuzungusha maziwa, na mama angepumzika. Alisema neno kupumzika kana kwamba anampa zawadi nyingine.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. "Karani akitoka humu," akasema, "na mimi mnifute kwenye hii kazi. Mniweke pale kwenye kona kama gunia." Mume wangu akamwambia asiseme hivyo. Wakakubaliana kwa shingo upande: Jumamosi asubuhi mume wangu angefuatana na mkokoteni, na kama Karani angemaliza milango yote ishirini na sita bila kugoma, basi abaki. Akigoma hata mara moja, mwenye tanuri angemkuta yuko tayari getini.

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na magauni ya mahafali ya watu wawili mezani, lakini sindano haikukaa mkononi. Huyu mama hakunipenda, sawa. Lakini nilikuwa nimeishi karibu na kazi yake miaka mitatu, na fundi anaijua kazi ya fundi mwenzake. Kumkalisha yule mama kwenye kona ilikuwa sawa na kuchukua nguo nzuri ukakatia vitambaa vya deki. Alhamisi nikafunga cherehani, nikabeba chupa mbili kubwa za maziwa kwa mkono, nikaenda kuwapelekea wateja wa mwisho wa njia, wale ambao mkokoteni ulikuwa hauwafikii tena.

Mmoja wao alikuwa mpiga picha mstaafu, mzee mwenye miguu mibovu anayekaa siku nzima chumbani, kuta zote zimejaa picha za watoto wa watu. Alinishukuru kwa maziwa, kisha akauliza kwa wasiwasi kama Karani ni mgonjwa. Ndipo nilipojua, kwa maana mimi mgeni sikuwahi kuelezwa, kwamba Karani alikuwa wake kabla hajawa wetu. Alikuwa akimsimamisha kwenye bustani ya mji, watoto wanapandishwa mgongoni, wanapigwa picha. Kila mtu alipopata kamera ya mfukoni, kazi ikafa, akamuuza kwa mama mkwe.

Nikamweleza mgomo wote, mlango kwa mlango. Nikamweleza na lile geti la chuma. Akanisimamisha hapo. Akauliza kama mama mkwe amebadilisha vyombo. Nilipomtajia madumu akaanza kucheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo.

"Mtoto akipandishwa mgongoni," akasema alipopata pumzi, "Karani hatikisiki mpaka asikie kamera imelia. Nilimfundisha miezi sita. Ikilia, anajua kazi imeisha, anasogea. Mama yenu alipomchukua, yale madebe yakawa kamera yake. Mfuniko ukigonga, twende. Sasa mmemnyang'anya mlio, mnamlaumu anangoja."

Nilirudi karibu nikikimbia. Nikaingia banda la kuku, nikapekua pumba, nikapata mfuniko mmoja wa alumini uliobonyea. Nikaufuta kwa sketi yangu, nikaenda alipo mama mkwe, nikamwomba anifungie Karani kwenye mkokoteni mtupu. Alidhani nimerukwa na akili, lakini alifunga. Nikamwambia apande kitini, aseme maneno yake. Akasema, "Twende, Karani." Karani hakusogea. Nikagonga mfuniko kwenye ubao wa mkokoteni mara moja, mlio mkavu, na Karani akaondoka hadi getini.

Nilitegemea afurahi. Akashusha hatamu mapajani. Kisha akauliza kwa taratibu, "Kwa hiyo miaka kumi na moja yote nimekuwa nikisema peke yangu?" Nikamtania kwamba mwanawe naye hanisikilizi mimi na bado tunaishi. Akatabasamu kidogo, lakini niliona limemuuma. Akanikataza kumlaumu mume wangu kwa ajili ya madumu, wala tusirudishe madebe ya zamani. Zawadi ya mwanawe angeitumia. Angekuwa na mfuniko mapajani, basi.

Jumamosi tukatoka watatu. Mama mkwe kwenye kiti, madumu nyuma yake, mfuniko mapajani. Mume wangu na mimi tulitembea nyuma ya mkokoteni. Nilimweleza habari ya kamera, akaniambia mnyama hafuati mlio wa mfuniko miaka kumi na moja, nikamwambia angoje aone. Mlango wa kwanza, mfuniko ukagonga, Karani akaenda. Wa pili, akaenda. Kwa mwalimu alisimama, akageuza shingo yote, mfuniko ukagonga, akaenda. Kufika mlango wa kumi na tano mume wangu alikuwa ameacha kubisha. Wa kumi na nane wateja walikuwa wametoka nje kumpigia Karani makofi, na mimi nimevimba kichwa utadhani ndiye niliyemzaa.

Wa kumi na tisa ni mwoka mikate. Ili kufika kwake unapinda kona na kufuata barabara yake hadi mlango wa mbele. Tulipopinda tu, Karani akasimama katikati ya barabara, pasipo mlango wa mtu.

Mama mkwe akagonga mfuniko. Karani hakutikisika. Akagonga tena kwa nguvu. Masikio ya Karani yalicheza kwa kusikia, lakini kwato zilibaki pale pale. Mume wangu akanitazama, si kwa ubaya, kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonikata maini. "Si mmeona wenyewe," akasema. Mama mkwe akasema, "Twende, Karani," kwa sauti ya kuomba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Karani akageuza kichwa, akamtazama, akabaki amesimama.

Mume wangu akaenda mbele kumshika hatamu, na huko mbele naye akasimama. Nikamfuata. Mafundi wa bomba la maji walikuwa wamechimba mtaro kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine, wenye kina cha kiuno cha mtu mzima, wakaenda kunywa chai. Walichoacha ni kamba iliyofungwa vitambaa vyekundu, nayo imelegea karibu na ardhi. Kutoka kwato za Karani hadi ukingo zilikuwa hatua mbili.

Mume wangu alirudi polepole hadi ubavuni mwa mkokoteni. Alitazama mtaro, akatazama kiti cha juu ambako mama yake amekaa, mahali ambapo barabara yote iko wazi mbele ya mtu.

"Mama," akasema, "vitambaa vya ile kamba vina rangi gani?"

Mama mkwe akauweka mfuniko mapajani. Akauliza kama kuna watu karibu. Nikamwambia hakuna, ni sisi tu.

"Naona mwanga," akasema. "Naona kitu kikubwa kikipita. Watu nawaona kama nguo zilizoanikwa, naona zinacheza, sijui ni za nani. Miaka minne sasa. Nilikwenda kwa daktari, Karani ndiye aliyenipeleka, akaningoja nje. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, kilichobaki nikitunze kwa dawa ya matone. Natia kila asubuhi bandani."

Mume wangu aliuliza kwa nini hakusema.

"Ungenikalisha," mama yake akamjibu. "Ungeninunulia kiti kizuri sana, ukanikalisha."

Na ndicho alichokuwa akikifanya asubuhi ile. Alishika ubao wa mkokoteni, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nahesabu. Chumvi na sukari, kila kitu na mahali pake. Maziwa yanayoimba. Kikanyagio kinachokabili kizingiti, mlango baada ya mlango, ili mama ashuke bila kutafuta. Miaka minne. Na sisi tulifunga ndoa miaka mitatu iliyopita.

"Kwa hiyo harusi yetu, Mama?" nikauliza.

"Niliisikia. Ilikuwa na kelele nzuri."

"Na mimi?"

"Wewe sijakuona hata siku moja," akasema. "Ndiyo maana nakuita bi harusi. Niliambiwa bi harusi amefika, nikapewa mkono wake. Picha nyingine sina."

Miaka mitatu ya kinyongo ikanitoka palepale, na aibu ikachukua nafasi yake. Nilipanda kikanyagio, nikashika mikono yake yote miwili, nikaiweka usoni pangu. Ilinuka maziwa na ngozi ya hatamu. Vidole vyake vilikwenda taratibu kwenye paji, nyusi, pua, vikafika mashavuni na kukaa hapo. Akasema mwanawe hakumwambia kwamba mke wake ana vishimo mashavuni. Nikamwambia vinatokea nikicheka tu.

"Basi unacheka," akasema.

Nilikuwa nalia pia, sitaficha. Katika kule kunyoosha mikono, mfuniko uliteleza kutoka mapajani mwake, ukaanguka juu ya mawe kwa kishindo. Karani akaondoka. Hakuuelekea mtaro. Alipinda kushoto kwenye kichochoro ambacho sikuwahi kumwona akikipita, akaubana mkokoteni kati ya kuta mbili kwa uangalifu, sisi wawili juu tumekumbatiana ili tusianguke, na mume wangu ameachwa barabarani peke yake. Karani alikwenda hadi mlango wa nyuma wa mwoka mikate, akasimama. Nikachungulia chini. Kikanyagio kilikabili kizingiti.

Mume wangu alitufikia anahema, mfuniko mkononi, simu sikioni. Alikuwa akimwambia yule mwenye tanuri asisumbuke kuja. Alipomaliza alibaki anamtazama mama yake akishuka, hatua moja, mbili, akafungua dumu, akapima, akainamisha sikio na kumimina mpaka maziwa yakaimba. Mwoka mikate akauliza kwa nini leo tumetokea uani, na mama mkwe akamwambia amwulize Karani.

"Imebaki milango saba," mume wangu akasema. Alisema kama mtu anayeomba kazi. Mama mkwe alikuwa bado amesimama chini, anakaza mfuniko wa dumu. Mume wangu akainua ule wa alumini, akaugonga kwenye ubao, mlio uleule, mkavu. Karani hakutoka. Akagonga tena, akanitazama kwa mashaka, na mimi nilikuwa sina maelezo. Yule mzee wa picha alikuwa amenieleza nusu tu.

Karani alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama mama mkwe. Mlio alikuwa ameusikia, lakini mwenzake alikuwa hajakaa. Alimtazama akitafuta kikanyagio kwa mguu, akamtazama akipanda, akamtazama akikaa na kukusanya hatamu mapajani.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," mama mkwe akaniambia, akinipapasia nafasi kwenye kiti. Nikakaa. Kisha akasema, "Twende, Karani," na hakuna aliyegonga kitu tena, na mkokoteni ukaondoka.